Kutoka "Pimbo" hadi Gwarideni: Jinsi Ushauri Nasaha Unavyomsaidia Mtu Kujiamini

Mhariri wa gazeti letu alinijia pale mlangoni mwa maktaba akaniomba niandike makala kuhusu ushauri nasaha. Nikamwuliza mbona mimi, na shule imejaa watu wanaonishinda alama za insha. Alinijibu bila kupepesa jicho, "Kwa sababu wewe ndiye Pimbo." Haya basi. Wanaolijua jina hilo washaanza kucheka, nawaona. Wasiolijua na wategee sikio, maana siwezi kueleza jambo hili la kujiamini bila kuanzia hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Kajiado, kule ndani kupita Isinya, mahali ambapo jirani ni yule unayeona moshi wake jioni. Baba alikuwa mfugaji. Ukame ulioanza mwaka wa 2020 haukutuhurumia. Mvua iligoma msimu baada ya msimu, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2022 ng'ombe wa baba walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Ikabidi tufunge virago tuje Kitengela. Yeyo, yaani mama yangu, akafungua kibanda cha sukuma wiki na nyanya kando ya barabara ya Namanga. Mimi nikajiunga na kidato cha kwanza hapa shuleni mwaka wa 2023.

Si mnajua Kitengela yetu? Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 hapa. Wako watu wa kila kabila, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, wachuuzi, madereva, na vijana wanaoongea Sheng kama maji ya bomba siku ile ambapo maji yamekuja. Kwetu tulikuwa tunaongea Kimaa kuanzia asubuhi hadi usiku, Kiswahili kikiwa cha darasani na cha sokoni tu. Nilipofika hapa nilikuwa naelewa kila kitu, lakini mdomo haukuwa umezoea.

Basi siku moja tukiwa katika somo la ufahamu niliitwa nisome aya ya pili kwa sauti. Aya yenyewe ilihusu mchungaji. Nikajiambia, ala! Haya si ndiyo mambo yangu? Nikasimama kwa madaha, nikakohoa kidogo kama mzee wa baraza, nikaanza: "Mchungaji alishika pimbo yake..." Ati nini? Darasa zima liliangua kicheko. Walicheka wavulana, wakacheka wasichana, na mwalimu mwenyewe, ambaye hayuko nasi tena, akageukia ubao mabega yakimtikisika. Nikarudia neno nikidhani sikusikika vyema. "Pimbo." Wacha tu! Kufikia wakati wa chai jina lilikuwa limefika mpaka kwa wapishi.

Huenda ukasema hilo ni jambo dogo, watu huchekana kila siku. Kweli. Lakini tangu siku ile sauti yangu ilikufa darasani. Kila mwalimu alipotafuta wa kusoma, nilikuwa naangusha kalamu ili niiname chini ya dawati. Siku za mdahalo tumbo lilikuwa linaniuma, na halikuwa la kusingizia. Liliuma kwelikweli, jasho likinitoka viganjani. Nikaacha kuuliza maswali hata katika hisabati ambako hakuna herufi f. Alama zikaporomoka. Muhula wa tatu nilimwambia Yeyo kwamba nimechoka na shule, nitarudi Kajiado nikachunge ng'ombe wa watu kwa mshahara. Yeyo hakunijibu. Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu, akaendelea kuzipanga, lakini niliona anapanga fungu lile lile mara tatu. Huyu ni mama aliyeuza shanga zake za harusi ili nipate sare ya shule.

Nadhani ni yeye aliyepiga simu shuleni, ingawa mpaka leo anakana. Jumatatu iliyofuata niliitwa katika chumba cha ushauri nasaha.

Nieleze kwanza chumba hicho maana kina sifa mbaya wasiyostahili walio ndani. Wengi wetu tunadhani ni mahakama ndogo. Ukionekana unaingia, wenzako wananong'ona, "Huyo ameshikwa na nini? Bangi? Barua ya mapenzi?" Mimi pia niliingia nikiwa nimeshajitetea kichwani: sikuiba, sikutoroka, sijapigana. Mwalimu akanikaribisha kiti, akakaa upande wangu wa meza, si ng'ambo. Kisha akanyamaza. Nikangoja hotuba. Haikuja. Hatimaye akauliza swali moja tu, "Kijana wangu, ni wapi ambapo unaongea bila kuogopa?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia kwamba kibandani kwa Yeyo huwa naongea. Jumamosi ninauza mimi, na makanga wa matatu wanapokuja kutaka nyanya za bei ya bure tunabishana mpaka wanalipa. Akaniuliza kama makanga hao hunicheka. Nikasema hucheka, lakini hulipa. Akaandika kitu katika daftari lake akasema, "Kumbe sauti unayo. Tuseme imekwama mlangoni pa darasa tu." Siku ile hakunipa ushauri wowote. Nilitoka nikishangaa, kwa maana neno lenyewe ni ushauri na mimi sikushauriwa.

Baadaye nilielewa, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ushauri nasaha si kuambiwa la kufanya. Kama ni kuambiwa, sisi wanafunzi tunaambiwa kutwa kucha: jikaze, acha uoga, wewe ni mwanamume. Mimi niliambiwa "jikaze" na zaidi ya watu kumi, na kila mara nilijikaza nikazidi kukwama. Mshauri wa kweli husikiliza kwanza. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, aliyefariki mwaka wa 1987, ndiye aliyeusisitiza sana mtindo huu. Alishikilia kwamba mtu hubadilika akipata mwenzake wa kumsikiliza kwa dhati, anayejaribu kuona mambo kwa macho yake, asiyemhukumu na asiyejifanya. Ukihukumiwa unajificha, ukikubaliwa jinsi ulivyo unapata nafasi ya kujitazama. Ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Jaribu leo jioni kumsikiliza rafiki yako kwa dakika kumi bila kumkatiza wala kumpa hadithi yako. Utaona.

Wasomaji watasema haya ni mambo ya Wazungu. La hasha! Lugha yenyewe tunayoienzi katika chama hiki inakataa. Pwani, tangu jadi, msichana anayevunja ungo huwa na somo au kungwi wake, mtu mzima wa kumfunza na kumsikiliza siri zake ambazo hangemwambia mama. Kwetu Umaasaini kila rika la vijana lina wazee wake wa olpiron, nao hutoka katika rika linaloruka moja juu yao. Hao ndio wanaowawashia moto wa kulianzisha rika lao, kisha wanawalea, wanawakanya na kuwatetea. Angalia hekima hiyo: mlezi si baba yako mzazi, wala si kaka yako wa rika linalokufuata juu, ambaye mnashindana naye. Ni mtu wa karibu, lakini si wa karibu mno. Mshauri wa shuleni naye anapaswa kukaa hapohapo.

Shuleni nchini Kenya jambo hili lina umri. Ripoti ya Ominde ya mwaka wa 1964 na ile ya Gachathi ya mwaka wa 1976 zilitaka wanafunzi wapewe uelekezaji na ushauri. Lakini fimbo (nimeitamka vizuri!) ilikuwa bado inatawala. Adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, walimu wakabaki wakiulizana watatumia nini, na ndipo chumba cha ushauri kilipoanza kupata viti. Labda ndiyo sababu wanafunzi bado wanakiona kama nyumba ya adhabu. Kilipokea kazi kutoka kwa kiboko.

Tuendelee na kisa. Mara ya pili mwalimu aliniuliza ni nini hasa kinachopita kichwani nikisimama kusoma. Nikasema: "Kwamba watacheka." Je, wakicheka? "Watajua mimi ni mshamba." Je, wakijua? Nikakosa jibu. Aliniandikisha mawazo hayo kwenye karatasi, moja baada ya jingine, kisha tukayachunguza kama mwalimu wa kemia anavyochunguza majimaji ya rangi. Lipi ni kweli? Lipi ni hofu imevaa nguo za ukweli? Kwamba walicheka ni kweli. Kwamba wote wananidharau, hapana. Jirani yangu wa dawatini alicheka siku ile na bado ananigawia chapati yake. Kwamba mimi ni mshamba kwa sababu ya herufi moja, hilo lilihitaji shahidi mwingine.

Shahidi alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Mshauri aliniomba ruhusa, nikakubali, akamweleza shida ya herufi tu, bila mambo yangu mengine. Mwalimu wa Kiswahili aliniita ofisini akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: Kimaa hakina sauti f, wala v, wala z. Hazimo. Ulimi na midomo ya mtoto aliyelelewa kwa Kimaa hutafuta sauti ya jirani, ndiyo f inakuwa p, na z inakuwa s. Si upumbavu, si ushamba, ni sarufi. Mwingereza naye hapati "ng'ombe" wala "mbwa" kirahisi, na hakuna anayemwita mshamba. Akanipa kioo kidogo akanionyesha: meno ya juu yaguse mdomo wa chini, kisha puliza kana kwamba unapoza uji. Fff. Fimbo. Fisi. Fedha. Nilitoka pale nikipuliza uji usiokuwapo njia nzima mpaka nyumbani, Yeyo akadhani nimeugua meno.

Nataka msomaji aone kwamba msaada ulikuwa wa namna mbili, na moja bila nyingine ingekuwa kazi bure. Kama ningefunzwa herufi tu, hofu ingebaki. Kama ningesifiwa tu, "wewe ni hodari, wewe ni simba," herufi ingebaki, na sifa zingeniaibisha zaidi siku ya kuanguka. Kujiamini si kujiambia maneno matamu mbele ya kioo. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka wa 1977, alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne. Kilicho kikuu ni kufanya jambo lenyewe ukafaulu, hata kidogo. Kisha kumwona mwenzako wa kiwango chako akifaulu. Kisha maneno ya kukutia moyo kutoka kwa mtu unayemwamini. Na mwisho, jinsi unavyousoma mwili wako: je, moyo ukidunda unasema "ninakufa" au unasema "nimejiandaa"? Angalia maneno matamu yako wapi katika orodha hiyo. Nafasi ya tatu.

Ndipo mshauri akanichorea ngazi. Alichora kweli, kwenye karatasi, vidato saba. Cha chini kabisa: kusoma aya moja peke yangu nikitazama ukuta. Cha pili: kusoma nikinaswa sauti kwa simu yake, kisha nijisikilize (hicho kilikuwa kichungu, maana sauti ya mtu katika simu ni kama ya mgeni). Cha tatu: kumsomea jirani yangu wa dawatini. Cha nne: kuwasomea wanafunzi watatu. Cha tano: kusoma shairi katika Chama cha Kiswahili. Cha sita: darasani. Cha saba, ambacho nilikicheka nikidhani anatania: kusoma taarifa gwarideni mbele ya shule nzima. Sharti lilikuwa moja. Huruki kidato, na hupandi kingine mpaka hiki ulichosimamia kiwe kinakuchosha badala ya kukutisha.

Hadi kidato cha tatu nilipanda kama paka. Kidato cha nne nilianguka. Wale watatu walikuwa wa kidato cha kwanza cha mwaka wa 2024, wadogo kwangu, na mmoja wao alikuwa ameshaambiwa jina langu. Kabla sijafika mwisho wa sentensi akasema chinichini, "Pimbo." Nilitupa kitabu nikaondoka. Nilikwenda kwa mshauri nikiwa na machozi ya hasira, nikamwambia ngazi yake ni ya uongo. Hakunibembeleza. Alitazama karatasi akasema, "Umeanguka kutoka cha nne. Unaangukia cha tatu. Nani alikuambia unaangukia chini kabisa?" Jambo hilo dogo ndilo lililonirudisha. Nilikuwa nimezoea kuhesabu kila kosa kuwa ni mwisho wa safari.

Nilikaa kidato cha tatu wiki mbili zaidi, kisha nikarudi kwa wale watatu. Yule mtukutu leo ni rafiki yangu, naye anakuja ushauri, kwa sababu zake ambazo sizitaji.

Sasa niwapeleke nje ya shule, lakini tusiende mbali. Wengi mmesikia habari za Richard Turere, kijana wa hapa hapa Kitengela, ambaye boma lao liko ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Akiwa na umri wa miaka tisa alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wanaingia usiku kuwala. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona njia. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba waliiogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakaona haisogei. Usiku mmoja alipokuwa akitembea na tochi akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha taa za kuonyesha njia cha pikipiki, swichi, balbu za tochi mbovu na paneli ya jua, akaunda taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka boma, kana kwamba kuna mtu anatembea usiku kucha. Alikuwa na umri wa miaka 11. Simba hawakurudi, na majirani wakamwomba awawekee nao.

Hadithi hiyo ya taa inajulikana. Isiyojulikana sana ni ile ya sauti yake. Watu wa jukwaa la TED la Marekani walikutana naye wakitafuta wasemaji. Mkuu wao wa wakati huo, Chris Anderson, aliandika baadaye, mwaka wa 2013, kwamba kijana huyo alikuwa na haya kupita kiasi, Kiingereza chake kilikwama, na alipojaribu kueleza uvumbuzi wake maneno yalimtoka shaghalabaghala. Hebu fikiria: mtu aliyeshinda simba akashindwa na sentensi! Lakini hawakumwacha. Kwa miezi kadhaa walikaa naye wakimsaidia kupanga kisa chake, aanzie wapi na afuatishe nini. Uvumbuzi wake ulikuwa umempatia ufadhili katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, na huko alijizoeza hotuba mara kadhaa mbele ya watu. Mwezi wa Februari mwaka wa 2013 alisimama Long Beach, California, mbele ya watu 1,400 hivi. Anderson anasema hofu ilionekana wazi, na hofu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wampende zaidi. Alipomaliza walisimama wote wakampigia makofi.

Nilipopewa habari hii na mshauri wangu nilicheka kwa furaha, maana niliiona ngazi yangu ndani yake. Kupangiwa kisa, kujizoeza mbele ya wachache, kisha wengi. Hakuna aliyempa Richard ujasiri kwenye sahani. Na zaidi ya yote, hofu haikuondoka. Alikwenda nayo jukwaani. Mimi nilikuwa nimengoja hofu iishe ndipo nianze kusoma. Ningengoja mpaka nizeeke.

Mji wa Kajiado nao, kilomita 50 hivi kutoka hapa, una historia yake, na dada zetu wanastahili kuijua. Shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC ilijulikana kote kwa sababu ya mwalimu wake mkuu, Priscilla Nangurai, aliyewapa hifadhi wasichana waliokimbia ndoa za lazima na ukeketaji. Baadaye shirika la FAWE, lililoundwa mwaka wa 1992 na lenye makao yake Nairobi, liliifanya kuwa mojawapo ya vituo vyake vya mfano. FAWE ndilo lililosambaza mpango uitwao Tuseme. Jina hilo ni la Kiswahili na halikuokotwa. Mpango ulianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1996, katika idara ya sanaa, na miongoni mwa waanzilishi ni Penina Muhando, yule yule aliyeandika tamthilia za Nguzo Mama na Lina Ubani. Katika Tuseme wasichana hawaketi kuhubiriwa. Wanachunguza wenyewe yanayowasumbua, iwe ni karo, mimba, mwalimu mwenye tabia mbaya au kazi za nyumbani zinazowala muda wa kusoma. Kisha wanatunga mchezo, wanauigiza mbele ya walimu na wazazi, halafu wote wanajadili. Msichana asiyethubutu kumwambia baba yake neno anaweza kulisema akiwa amevaa nguo za mhusika, na baba ameketi safu ya kwanza. Akishalisema mara moja, kesho haliwi zito vile. Naomba viongozi wa chama chetu wanisikie: sisi tuna mahodari wa kuigiza, na tunawaacha waozee katika tamasha moja la mwaka.

Tena kuna Shamiri, ambalo ni neno letu pia. Ni mpango ulioanzishwa na vijana wa Kenya ambapo wanafunzi hukutana kwa vikundi mara nne tu, mara moja kwa wiki, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni. Wanazungumza juu ya kukua kwa kujaribu, juu ya shukrani, na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionyesha kwamba dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao waliofunzwa stadi za kusoma. Ninaitaja ili asiwepo wa kuniambia kwamba lazima mshauri awe na nywele nyeupe.

Nisipotaja na upande wa pili nitakuwa nimewadanganya. Ushauri una mipaka. Haukuleta ng'ombe wa baba yangu, haukulipa karo, wala haukuwaziba watu midomo. Mpaka leo wapo wanaoniita Pimbo, na siku nyingine naitika. Wapo pia wanaohitaji zaidi ya mwalimu: mtu asiyelala wiki nzima, anayefikiria kujidhuru, anayedhulumiwa nyumbani. Huyo hupelekwa kwa wataalamu wa hospitali, na mtoto yeyote anaweza kupiga simu 116 bila malipo. Kuhusu siri, nililiuliza mwenyewe siku ya kwanza. Jibu lilikuwa kwamba yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, ila kama maisha ya mtu yako hatarini. Hapo mshauri lazima aseme, na atakuambia kwanza kabla hajasema. Mshauri anayesimulia mambo ya wanafunzi katika chumba cha chai si mshauri, na wanafunzi tuna haki ya kulalamika.

Je, kidato cha saba? Kilifika muhula wa pili wa mwaka wa 2024, Ijumaa moja yenye upepo wa vumbi la Kitengela mnalolijua. Taarifa ilikuwa fupi, ya michezo na usafi wa mazingira. Viganja vililowa kama kawaida, moyo ukadunda, nami nikauambia polepole, vyema, umejiandaa. Nikasoma. F ya kwanza ilipita salama. Ya pili ikapita. Katika mstari wa mwisho kabisa, nikiwa nimeshaanza kufurahi mapema, "fagio" likatoka "pagio". Kundi la nyuma likacheka. Nikanyamaza kidogo, nikainua macho nikawatazama, nikatabasamu, nikaweka meno ya juu juu ya mdomo wa chini nikasema, "Fagio," kisha nikamalizia taarifa yangu hadi nukta. Nilishuka jukwaani miguu ikitetemeka. Jioni Yeyo aliuliza siku ilikuwaje, nikasema nzuri tu, tukapanga nyanya.

Wadogo zetu wanaotafuta chumba chenyewe: ni kile cha mwisho karibu na stoo ya majembe, mlango wa kijani. Mwalimu huwa yupo Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Kitasa cha nje kimevunjika, kwa hivyo usisimame pale ukidhani kumefungwa. Bisha tu, atakufungulia kwa ndani.